Ajira za Tanga: kutoka kipande cha manamba hadi bomba la mafuta

Tangu Agosti 5, 2017, Rais John Magufuli na mwenzake wa Uganda, Yoweri Museveni, walipoweka jiwe la msingi la bomba la mafuta ghafi pale Chongoleani, Tanga imeingiwa tena na homa ya ajira. Bomba lina urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi ufukweni. Bandari nayo imechimbwa kina na kujengewa gati la mita 450 kwa mradi wa shilingi bilioni 429.1. Katika jiji lenye watu karibu laki nne kwa sensa ya 2022, kijana wa Ngamiani mwenye cheti cha kuchomelea vyuma anajihesabu kuwa yuko mlangoni.

Wazee wa hapo wameyasikia haya mara mbili kabla. Mara ya kwanza ulikuja mkonge, mara ya pili vikaja viwanda vya umma. Kila mara kazi iliingia kwa kishindo kutoka nje, ikajaza mji watu, kisha ikapungua bila mtu kuwaaga waliokuja kwa ajili yake.

Habari ya mwanzo inajulikana hadi kwa watoto wa shule. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf alipokea miche ya mkonge iliyotoka Florida kupitia Hamburg. Ilianza safari ikiwa 1,000, ikafika hai 62, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Mwaka huohuo ilianza kujengwa reli ya Tanga, ya kwanza katika koloni hilo, na ikafika Moshi mwaka 1911. Mashamba yakatandazwa kandokando yake: Ngomeni, Muheza, Hale, Korogwe, Mombo.

Kisichosimuliwa sana ni namna watu walivyopatikana wa kuyafanyia kazi mashamba hayo. Profesa Issa Shivji wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu sheria na tabaka la wafanyakazi nchini, anaonyesha kwamba soko la ajira la mkonge lilijengwa na sheria kabla halijajengwa na mshahara. Chini ya sheria ya mabwana na watumishi ya mwaka 1923, kibarua aliyetoroka kazini alikuwa mhalifu, si mtu aliyevunja mkataba tu.

Mkataba wenyewe ulikuwa kipande: kadi ya siku 30 za kazi, zilizotakiwa kukamilika ndani ya siku 42. Siku aliyougua haikuhesabiwa. Siku ambayo hakumaliza ngwe yake, nyapara alikuwa na uwezo wa kuikataa. Mkataji aliingia shambani alfajiri, akakata majani ya chini ya mmea, akaondoa mwiba wa ncha, akayafunga mafungu ya majani thelathini thelathini na kuyapanga kando ya reli ndogo ya matoroli. Utomvu ulimwasha mikono na shingo. Majani yalipofika kiwandani yaliingizwa kwenye korona, mashine iliyoyaponda na kuyakwangua huku maji yakichukua nyama ya jani, zikabaki singa za kuanikwa juani.

Watu wa pwani wenye minazi na mashamba yao hawakuipenda kazi hiyo. Ndiyo maana mwaka 1944 wenye mashamba waliunda SILABU, ofisi yao ya pamoja ya kuandikisha vibarua. Mawakala wake walikwenda Kigoma, Songea na hadi Ruanda-Urundi. Wamakonde kutoka Msumbiji walikuja wenyewe. Walioandikishwa waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alipewa namba, na wengi hawakurudi makwao. Wajukuu wao wamejaa Muheza na Korogwe, wakizungumza Kiswahili cha Tanga kama wenyeji wengine.

Mjini mambo yalikuwa tofauti kidogo. Makuli wa bandari walishinda kwenye matishari, kwa sababu meli kubwa zilitia nanga mbali na gati na shehena ikabebwa mara mbili. Agosti 1939 waligoma. Ila vyama vya wafanyakazi vyenye nguvu vilikuja baadaye, miaka ya 1950, na hapo ndipo Tanga ilipomtoa mtu ambaye leo hajulikani inavyostahili.

Victor Mkello aliongoza chama cha wafanyakazi wa mashamba, ambacho nguvu yake ilikuwa kwenye mkonge. Mwaka 1958 wafanyakazi wa shamba la Mazinde waligoma kwa zaidi ya miezi miwili. Mwaka 1960 Tanganyika yote ilipoteza siku za kazi takriban milioni moja na nusu kwa migomo, na mashamba yalikuwa na sehemu kubwa katika hesabu hiyo. TANU, chama kilichodai uhuru, na vyama vya wafanyakazi vilikuwa vikivuta kamba moja, au hivyo ndivyo ilivyoonekana.

Uhuru ulipopatikana, kamba ikaanza kuvutwa pande mbili. Mwaka 1962 Bunge lilipitisha sheria zilizoufanya mgomo halali kuwa jambo gumu kupatikana. Waziri wa Kazi aliyezisimamia, Michael Kamaliza, alikuwa mtu wa vyama hivyohivyo, aliyewahi kuongoza shirikisho lao, TFL. Sasa kiti cha rais wa TFL alikikalia Mkello, na alikataa katakata shirikisho liwekwe chini ya serikali. Hoja ya serikali ilikuwa kwamba wenye mishahara ni wachache katika taifa la wakulima, hivyo hawana haki ya kuusimamisha uchumi. Hoja ya Mkello ilikuwa kwamba mkata mkonge hajawahi kuwa mtu wa anasa.

Januari 1963, baada ya migomo mashambani ambayo serikali iliita haramu, Mkello na mwenzake Sheha Amiri walihamishwa kwa nguvu hadi Sumbawanga, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Tanga. Hawakufikishwa mahakamani. Mwaka mmoja baadaye, kufuatia maasi ya wanajeshi ya Januari 1964, viongozi wengi wa vyama walikamatwa. TFL ikafutwa, ikaundwa NUTA, chama kimoja cha nchi nzima, na Katibu Mkuu wake akawa Kamaliza mwenyewe, huku akibaki waziri. Shivji anahitimisha kitabu chake na mwaka huo, na msomaji anaelewa kwa nini.

Kwa kejeli ya historia, 1964 ndio mwaka ambao mkonge ulifikia kilele: zaidi ya tani 230,000, na wafanyakazi wa tasnia hiyo wakihesabiwa kwa makumi ya maelfu. Baada ya hapo nyuzi za plastiki ziliangusha bei. Mishahara ya kima cha chini ilikuwa imepandishwa, na wenye mashamba walijibu kwa kupunguza watu. Utaifishaji wa mwaka 1967 uliukuta mkonge tayari unaporomoka, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa chini ya tani 25,000.

Viwanda vya umma vilitakiwa kuziba pengo. Kilikuja kiwanda cha chuma, kikaja cha saruji kule Pongwe, ambacho kipo mpaka leo. Kiwanda cha mbolea, kilichoanza mwaka 1972 kwa ubia na kampuni ya Kijerumani ya Klöckner, kilitegemea malighafi kutoka ng'ambo. Kilizalisha mbolea kwa fedha za kigeni, na fedha za kigeni zilipokauka kikafungwa, mwaka 1991. Waliokuwa na shifti wakawa na baiskeli za kubebea mizigo na vibanda vya chipsi.

Miaka thelathini iliyofuata ni ya ubinafsishaji, bodaboda na ahadi. Mkonge umeanza kufufuka, na serikali ilijiwekea lengo la tani 120,000 kwa mwaka. Ni habari njema, na Tanga ina haki ya kuifurahia. Lakini jiji linalomsimulia kila mgeni habari za miche 62 ya Hindorf lingeweza pia kumpa Mkello japo jina la barabara, hasa wakati huu linapowapa watu wake matumaini ya ajira za mradi mwingine mkubwa. Wachomeleaji wa bomba wanajua kwamba kazi ya ujenzi ina tarehe ya mwisho, na kwamba matangi yakishajaa huhitaji watu wachache kuyalinda na kuyaendesha.

Mkonge wenyewe umebadilisha mwajiri. Katika mashamba ya Hale, Magoma, Mwelya, Magunga na Ngombezi, sehemu kubwa ya majani ni ya wakulima wadogo walio chini ya vyama vya ushirika vya msingi, AMCOS. Mkulima humlipa kibarua wa kukata kutokana na fedha anazosubiri baada ya singa kuuzwa, na fedha zikichelewa wanasubiri wote wawili. Mkello alijua wa kumgomea, lakini mkataji wa leo mdeni wake ni jirani.