Kioo Kibichi na Hema la Giza

Etha huchemka kwenye nyuzijoto 35 hivi. Kwa mtu aliyetaka kupiga picha katika bara letu mwaka 1860, hilo lilikuwa jambo la kufa na kupona. Kapteni James Augustus Grant, Mskoti aliyefuatana na John Hanning Speke kutafuta chanzo cha Nile, alikuwa amekwisha kupiga picha Unguja, ikiwemo ya soko la watumwa, na picha hizo ni miongoni mwa za zamani kabisa za mji ule. Akaingia bara na kamera yake. Wakiwa njiani, Speke aliamuru kamera irudishwe pwani. Aliona joto la hema ambamo mwenzake alitayarishia vioo lingemuua. Grant akashika penseli, akawa anachora.

Ufundi wenyewe, wa kioo kibichi, ulitangazwa na Frederick Scott Archer huko London mwaka 1851. Pamba iliyopitishwa kwenye asidi huyeyushwa katika etha na alkoholi, ikawa uji mzito unaomiminwa juu ya kioo. Kioo hutumbukizwa katika maji ya nitreti ya fedha, kikatiwa ndani ya kamera kingali kinatiririka, kikapigwa picha, kikarudishwa gizani kusafishwa, yote ndani ya dakika kumi au kumi na tano. Kikikauka, kazi imepotea. Kwa hiyo chumba cha giza, chupa, beseni na maji safi vililazimika kufika popote alipofika mpiga picha, na huku kwetu vilifika juu ya vichwa vya wapagazi. Archer hakuchukua hataza ya uvumbuzi wake, akafa maskini mwaka 1857.

Ziwa Nyasa nalo lilimwona mpiga picha mapema. Daktari John Kirk, ambaye baadaye alikuwa balozi wa Uingereza Zanzibar, alifika ncha ya kusini ya ziwa akiwa na David Livingstone mwezi Septemba 1859. Miaka miwili baadaye walipanda na mashua kando ya pwani ya magharibi. Upande wa pili, ambako leo ziko Mbamba Bay na Liuli, na Mapera nyuma yake milimani, haukuwa kwenye njia yao.

Picha zilipoanza kumiminika kutoka nchi ya Nyasa na Ruvuma, vioo vikavu, aina mpya isiyohitaji kupigwa ingali mbichi, vilikuwa vimekwisha kuenea. Daktari wa jeshi la Wajerumani, Friedrich Fülleborn, alizipiga mwishoni mwa karne ya 19, na kitabu chake kikubwa kikatoka mwaka 1906. Ni hazina, sikatai. Lakini aliyepanga mtu akae vipi, na kwa nini apigwe, ni daktari aliyekuwa pia akipima miili ya watu kwa ajili ya sayansi ya mbari.

Ndiyo maana naguswa sana na wasanii wanaokirudia kioo kibichi leo. Myra Greene wa Marekani alipiga pua, masikio na midomo yake mwenyewe kwenye vioo vyeusi, akiurudisha usoni pa watazamaji upimaji ule ule wa kale. Khadija Saye, binti wa Kigambia aliyekulia London, alijipiga kwenye vibati vilivyomiminiwa uji ule ule, akiwa na vitu vya ibada za wazee wake. Picha zake zilikuwa zinaonyeshwa Venice pale moto wa jengo la Grenfell ulipomuua, Juni 2017, akiwa na miaka 24.

Mfululizo kama huo ungepata makao mazuri Umatengo, kwenye milima hiyo ya Mapera. Baridi ya Juni na Julai ingeituliza etha iliyomtesa Grant. Dawa ya kioo kibichi huona mwanga wa buluu na kuwa kama kipofu kwa mwekundu: mbingu hutoka nyeupe, buni zilizoiva hutoka nyeusi, na udongo mwekundu wa mashimo ya ngoro, kilimo cha Wamatengo, hukolea giza, miraba yake ikijipanga mlimani. Sura nayo huhitaji utulivu wa sekunde kadhaa, hivyo hakuna anayepigwa kwa kuviziwa. Lazima akubali, akae, angoje. Na kibati hakina negativu. Picha ni moja tu, na mkulima wa Mapera akitaka kuondoka nayo, mpiga picha habaki na nakala.