Bahati ao dawa? Namna dhana inavyopimwa kwenye utafiti

Kasugho, katika teritware ya Lubero, kuna chuo kikuu cha kuhifadhi mazingira. Wanafunzi wa vyuo vya namna hii wanazoea neno ipotezi: ni dhana ambayo mtafiti anaweka mbele kabla ya kukusanya hesabu, kisha anaipima. Wengi wanaona hilo ni jambo la darasani tu. Lakini Beni, Mangina, Katwa na Butembo, kuanzia Novemba 2018 hadi Agosti 2019, kupima dhana ndiko kulikoamua dawa gani mgonjwa wa Ebola atapewa.

Tuanze na gunia la maharagi, nyekundu na nyeupe zilizochanganywa nusu kwa nusu. Ukichota mbegu kumi, unaweza kupata nyekundu sita. Ukichota tena kumi, unapata nne. Gunia ni lile lile; ni bahati ya mkono tu. Lakini ukichota mamia kutoka magunia mawili, na tofauti ikabaki kubwa, unaanza kusema: hapana, hapa kuna magunia mawili yasiyofanana. Mtafiti anafanya vile vile. Anaanza na dhana ya "hakuna tofauti," kisha anauliza kama hesabu alizopata zinaweza kukaa pamoja na dhana hiyo.

Utafiti wa Ebola uliitwa PALM, kutokana na maneno ya Kiswahili Pamoja Tulinde Maisha. Uliongozwa na taasisi ya INRB ya Profesa Jean-Jacques Muyembe pamoja na taasisi ya afya ya Marekani, NIAID. Dawa nne zililinganishwa: ZMapp, remdesivir, MAb114 na REGN-EB3. Kila mgonjwa alipata matunzo yale yale ya kawaida, halafu kura ndiyo iliamua dawa.

Hiyo kura iliudhi watu wengi. Mbona ndugu yangu asichaguliwe dawa na munganga? Sababu ni hii: anayefika mapema, virusi vikiwa bado kidogo mwilini, ana nafasi kubwa ya kupona kuliko aliyechelewa siku sita nyumbani. Kama munganga angewapa wenye nguvu dawa moja na waliozidiwa dawa nyingine, mwishoni hakuna mtu angejua kilichoponyesha ni dawa ao ni kufika mapema. Kura inachanganya wote, sawa na kukoroga gunia kabla ya kuchota.

Matokeo ni haya. Kati ya wagonjwa 169 waliopewa ZMapp, 84 walikufa ndani ya siku 28, karibu 50 kwa mia. Kati ya 174 waliopewa MAb114, walikufa 61, ni 35 kwa mia. REGN-EB3 iliingia nyuma, kwa hiyo ililinganishwa na wale tu walioanza ZMapp tangu wakati huo: 52 kati ya 155 walikufa, upande wa pili 79 kati ya 154. Remdesivir haikushinda ZMapp. Walikufa 93 kati ya 175.

Hapo ndipo inakuja ile herufi p inayosumbua wanafunzi. Kwa MAb114, p ilikuwa 0,007. Maana yake: tuseme dawa hizo mbili zina nguvu sawa kabisa. Kama utafiti ungerudiwa mara 1.000, tofauti kubwa hivi ao zaidi ingetokea kwa bahati tu karibu mara 7. Hiyo ni mara chache mno, kwa hiyo dhana ya "hakuna tofauti" inaachwa. Watafiti wengi wanaweka mpaka kwenye 0,05, yaani mara 5 kwa 100. Wakichungulia hesabu kabla ya mwisho, mpaka lazima ukazwe zaidi, kwa sababu anayechungulia mara nyingi ataishia kuona anachotaka.

Kuna kosa ambalo hata wasomi wanafanya: kusema p ya 0,007 ni nafasi ya 7 kwa 1.000 kwamba dawa haifanyi kazi. Sivyo. Pia p haipimi nguvu ya dawa. Nguvu inaonekana kwenye vifo vyenyewe: kwa kila wagonjwa 100, karibu 15 zaidi walibaki hai.

Na p kubwa haisemi dawa ni mbaya. Wakati wa Ebola ya Afrika Magharibi, ZMapp ilijaribiwa kwa watu wachache: walikufa 8 kati ya 36 waliopewa, na 13 kati ya 35 wasiopewa. Kwa macho, dawa ilionekana inasaidia. Lakini kwa watu wachache namna hiyo bahati peke yake ingeweza kuleta tofauti ile, na watafiti hawakuweza kukata shauri. Ndiyo maana huku Kivu ya Kaskazini walipanga kufikisha wagonjwa 725.

Hawakufika. Tarehe 9 Agosti 2019 kamati huru ya usalama iliangalia hesabu za wagonjwa 499 na kushauri kura ya ZMapp na remdesivir isimamishwe: tangu hapo wagonjwa wapewe REGN-EB3 ao MAb114 tu. Hii ya pili ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya 1995. Dawa zote mbili zilipata ruhusa Marekani mwaka 2020, na Agosti 2022 OMS ikazipendekeza kwa wagonjwa wa Ebola ya aina hii, watoto wachanga na mama wenye mimba wakiwemo.