Hesabu za Nazi

Mwaka 1966 nilikuwa darasa la tano katika shule moja ya Kariakoo. Hesabu, jiografia, yote kwa Kiingereza. Jirani yangu wa dawati alirudisha chenji kwenye genge la nazi la mama yake bila kukosea senti. Darasani alichapwa kwa kutoelewa swali lilivyoandikwa. Akaacha shule.

Machi 1967 ikatoka Elimu ya Kujitegemea, na punde Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia shule za msingi. Ikawa zamu ya mwalimu kubabaika ubaoni (tulicheka, Mungu atusamehe), mpaka tukazoea kiasi na asili za sehemu. Nikafaulu. Sekondari, 1969, Kiingereza kilinipokea mlangoni. Tume ya Makweta ya 1982 ilishauri Kiswahili kipande hadi huko. Serikali ikakibakiza Kiingereza.

Mwenzangu nilimkuta kwenye genge lile lile, akijumlisha kwa kichwa.