Tarakimu za kalori mtandaoni zahitaji kuhakikiwa

TOVUTI za kuhesabu kalori huonyesha tarakimu kamili, ilhali vyanzo vyake hutofautiana. Baadhi hutokana na vipimo vya maabara, kama vile hazina ya Wizara ya Kilimo ya Marekani. Nyingine huandikwa na watumiaji wenyewe bila kuhakikiwa.

Kosa la kawaida ni kuchanganya chakula kisichopikwa na kilichopikwa. Gramu 100 za maharagwe makavu zina takriban kalori 335. Yakichemshwa, uzani uo huo huwa na 127 hivi, kwa kuwa yamefyonza maji.

Hata wataalamu hukadiria. Hesabu nyingi hufuata kanuni ya mwanakemia Mmarekani, Wilbur Atwater: kalori 4 kwa gramu ya protini au wanga, 9 kwa mafuta. Hata hivyo, mwaka 2012 watafiti wa wizara hiyo walibaini kuwa gramu 28 za lozi humpa mlaji kalori 129, wala si takriban 170 zilizokadiriwa.

Kwa mgonjwa wa kisukari anayekadiria insulini kulingana na wanga, tarakimu potovu yaweza kupandisha au kushusha sukari kupita kiasi. Kwa vyakula vya Kenya, ni heri kulinganisha na majedwali ya virutubishi yaliyochapishwa na serikali pamoja na Shirika la Chakula na Kilimo (FAO) mwaka 2018.