Sahani za Bibi Arusi wa Urusi

Kwetu ni mume anayepeleka mali kwa wakwe zake. Katika Ulaya ya zamani desturi ilikuwa kinyume: binti aliondoka kwa baba yake akichukua mali pamoja naye. Basi, binti wa kaisari wa Urusi alipoolewa, katika mali hizo zilikuwamo sahani, bakuli na vikombe vya kauri. Tutazame vyombo vya binti mmoja, tuone vinatufundisha nini.

Kauri ni udongo mweupe uliochanganywa na mawe yaliyosagwa, ukachomwa kwa moto mkali mno hata ukawa mgumu na wenye kung'aa. Wachina waliijua kazi hiyo karne nyingi kabla ya Wazungu. Mwaka 1744 kaisari mwanamke, Elizabeth, alianzisha kiwanda chake Saint Petersburg. Mrusi aliyevumbua siri ya kauri kiwandani humo aliitwa Dmitri Vinogradov. Malipo yake yalikuwa machungu: aliwekwa chini ya ulinzi kama mfungwa, asije akatoroka na siri hiyo. Alikufa mwaka 1758, hajatimiza miaka 40.

Miaka mingi ikapita. Tarehe 28 Januari 1844, Alexandra, binti wa mwisho wa Kaisari Nikolai I, aliolewa na Friedrich Wilhelm wa Hesse-Kassel, katika Ujerumani. Bibi arusi alikuwa na miaka 18. Baba yake alimpa vyombo vya kutosha karamu za maisha yote. Lakini kifua kikuu kilikuwa kimekwisha kumshika. Alijifungua kabla ya wakati, mtoto akafa siku ileile. Na mama akamfuata, tarehe 10 Agosti mwaka uleule. Ndoa ilikuwa haijatimiza miezi saba. Sahani, ambazo mtoto angeweza kuzivunja, zilidumu kuliko mwenyewe.

Vyombo vilibaki katika jamaa ya mume. Yeye alioa tena mwaka 1853, akamwoa Anna wa Prussia. Bibi huyu, alipokuwa mjane mzee, aliingia katika Kanisa Katoliki mwaka 1901, ijapokuwa Kaisari Wilhelm II, mkuu wa ukoo wake, alikasirika sana. Alikufa mwaka 1918, akazikwa katika kanisa kuu la Fulda, palipo kaburi la Mtakatifu Bonifasi. Karibu na mji huo iko ngome ya Fasanerie, ambayo siku hizi ni nyumba ya kuhifadhia vitu vya kale vya jamaa ya Hesse.

Chombo kizuri si dhambi. Mikono ya fundi ni zawadi ya Mungu. Lakini wako wazazi wanaochelewesha ndoa ya watoto wao miaka na miaka kwa sababu mali haijatosha. Wamkumbuke Alexandra. Kaisari hakukosa kitu cha kumpa binti yake, ila siku za kuishi. Na hizo mwenye kuzigawa ni Mungu peke yake.