Ulaji wa matunda baada ya upasuaji wa kupunguza uzito

Ulaji wa matunda baada ya upasuaji wa kupunguza uzito ni sehemu ya lishe ya mtu ambaye mfuko wake wa chakula umepunguzwa, au njia ya chakula imebadilishwa, ili kutibu unene wa kupindukia. Matunda humpatia mtu huyo maji, vitamini, madini na nyuzinyuzi. Hata hivyo yana sukari, maganda, mbegu na nyuzi ngumu ambazo mfuko mdogo hauzimudu kama zamani. Kwa hiyo hurudishwa mezani hatua kwa hatua, kwa kipimo na kwa kuchagua.

Makala hii inaeleza jambo hilo kwa kutumia mifano ya Sumbawanga na uwanda wa juu wa Ufipa, mkoani Rukwa, Tanzania. Haichukui nafasi ya maelekezo ya daktari au mtaalamu wa lishe anayemhudumia mgonjwa.

Aina za upasuaji

Upasuaji wa kwanza wa kupitisha chakula kando ya sehemu kubwa ya mfuko kwa ajili ya kupunguza uzito ulifanywa na Edward Mason na Chikashi Ito katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, mwaka 1966. Siku hizi aina mbili ndizo zinazofanywa zaidi duniani.

Ya kwanza ni kukata na kuondoa sehemu ya mfuko wa chakula, karibu asilimia 75 hadi 80, na kubakiza mrija mwembamba. Ya pili ni ya njia ya mkato: daktari hutengeneza kifuko kidogo cha takriban mililita 30 juu ya mfuko, kisha hukiunganisha moja kwa moja na utumbo mwembamba. Chakula huruka sehemu kubwa ya mfuko na mwanzo wa utumbo.

Kuna pia njia isiyo ya kukata, yaani kuwekewa puto tumboni kwa miezi kadhaa. Nchini Tanzania huduma ya puto ilianza kutolewa katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila, katika miaka ya 2020.

Kwa mkazi wa Sumbawanga, Dar es Salaam iko zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara kupitia Mbeya. Mgonjwa akisharudi nyumbani, hawezi kumwona mpasuaji wake kila anapopata shida. Ndiyo maana yeye na jamaa zake hawana budi kujua mapema nini kiliwe, lini na kwa kiasi gani.

Kwa nini matunda yanahitaji tahadhari

Nafasi ni ndogo. Katika miezi ya kwanza mtu hushiba kwa vijiko vichache. Wataalamu wengi hushauri protini isiyopungua gramu 60 kwa siku, ili mwili upunguze mafuta bila kula misuli yake. Matunda mengi hayana protini ya kutosha. Aliyejaza mfuko kwa embe hana tena nafasi ya maharage, yai au dagaa.

Sukari hukimbilia utumboni. Baada ya upasuaji wa njia ya mkato, chakula chenye sukari nyingi huweza kuingia katika utumbo mwembamba kwa kasi. Dakika 10 hadi 30 baada ya kula, mtu husikia kichefuchefu, tumbo kusokota, kuhara, jasho na moyo kwenda mbio. Hali nyingine huja saa 1 hadi 3 baadaye: mwili hutoa insulini nyingi kupita kiasi, sukari ya damu hushuka, na mtu hutetemeka, huona kizunguzungu au hata kuzimia. Wenye mfuko uliokatwa pia huweza kupatwa na hali hizi, ingawa kwa kawaida ni mara chache zaidi.

Nyuzi ngumu huweza kuziba njia. Asidi na misukosuko ya mfuko iliyokuwa ikisaga chakula imepungua. Utando mweupe wa chungwa, nyuzi za embe, kiini cha nanasi na maganda huweza kujikusanya na kuwa donge liitwalo bezoari. Tafuna duni na kula kwa haraka huongeza hatari hiyo.

Hatua za kurudisha matunda

Ratiba hutofautiana kati ya hospitali na hospitali, na maelekezo ya hospitali iliyopasua ndiyo ya kufuatwa. Mpango wa kawaida ni huu:

Wiki ya 1 na ya 2: vinywaji tu. Juisi ya matunda haipendekezwi. Ikiruhusiwa, huchujwa na kuchanganywa na maji mengi.

Wiki ya 3 na ya 4: vyakula vilivyopondwa. Papai lililoiva, parachichi au ndizi mbivu iliyopondwa huanza kwa kijiko kimoja au viwili, baada ya chakula cha protini.

Wiki ya 5 hadi ya 8: vyakula laini. Matunda laini yaliyomenywa na kutolewa mbegu huongezwa, aina moja mpya kwa siku, ili likimdhuru mtu ajue ni lipi.

Baada ya miezi 2 au 3: matunda mengi huruhusiwa, yakikatwa vipande vidogo. Chungwa huondolewa utando wake mweupe. Nanasi na embe lenye nyuzi nyingi huachwa mwisho.

Kinywaji hakichanganywi na chakula. Kwa kawaida mtu husubiri dakika 30 baada ya kula ndipo anywe, naye hunywa kidogo kidogo hadi kufikisha angalau lita 1.5 kwa siku.

Matunda ya Ufipa

Mji wa Sumbawanga uko kwenye uwanda wa juu, mita zipatazo 1,800 juu ya usawa wa bahari, kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa. Pande zote mbili ardhi hushuka kwenye mabonde ya joto. Hivyo sokoni hukutana matunda ya baridi ya uwandani, kama maparachichi na mafyulisi, na matunda ya joto kutoka mabondeni, kama maembe na mapapai.

Viwango vifuatavyo ni vya wastani kwa gramu 100 za tunda bichi lisilo na maganda wala kokwa:

Parachichi: kalori 160, sukari chini ya gramu 1, mafuta gramu 15.
Papai: kalori 43, sukari gramu 8.
Fyulisi: kalori 39, sukari gramu 8.
Chungwa: kalori 47, sukari gramu 9.
Pera: kalori 68, sukari gramu 9, vitamini C zaidi ya miligramu 200.
Embe: kalori 60, sukari gramu 14.
Ndizi mbivu: kalori 89, sukari gramu 12.

Orodha hii inaonyesha kwamba hakuna tunda lililo zuri au baya kwa kila jambo. Parachichi halipandishi sukari ya damu kwa kasi, lakini lina kalori nyingi: nusu ya parachichi kubwa huweza kufikisha kalori 160. Vijiko viwili vinatosha. Papai ni laini na jepesi, na ni mwanzo mzuri kwa wengi. Pera lina vitamini C nyingi, ambayo husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo katika maharage na mboga za majani; ila mbegu zake ngumu huondolewa kwanza. Pasheni nayo huchujwa mbegu katika miezi ya mwanzo.

Msimu wa mvua, kuanzia takriban Novemba, huleta pia matunda ya porini katika misitu ya miombo, yakiwemo masuku na mbula. Kwa mtu aliyepasuliwa, matunda haya huliwa yakiwa yameiva kabisa, nyama yake tu, bila ganda wala kokwa. Tunda bichi lenye ukakasi lisiliwe, kwa kuwa vitu vinavyoleta ukakasi huo huweza kusaidia donge kujijenga tumboni.

Msimu wa maembe una mtego wake. Embe huwa tele na la bei nafuu, nalo huliwa bila kuhesabu. Embe moja la wastani lenye nyama ya gramu 200 lina sukari ipatayo gramu 28. Robo yake baada ya chakula ni jambo tofauti kabisa na matatu yaliyoliwa mtu akiwa njaa.

Juisi na matunda makavu

Glasi ya mililita 250 ya juisi ya chungwa ina sukari gramu 20 hadi 25, hata bila kuongezewa sukari, na nyuzinyuzi zake nyingi zimebaki kwenye kichujio. Haishibishi, hupita upesi, na huweza kuleta dalili zilizotajwa juu. Matunda makavu nayo yana sukari iliyokusanyika mahali padogo. Tunda zima lililotafunwa vizuri ni bora kuliko vyote viwili.

Matunda hayatoshelezi vitamini zote

Watu wengine hudhani kwamba anayekula matunda kila siku hahitaji vidonge. Si kweli. Matunda hayana vitamini B12, na hayawezi kuziba pengo la chuma, kalisi na vitamini D linalotokana na upasuaji. Vidonge vilivyoandikwa na daktari huendelezwa, mara nyingi kwa maisha yote, na damu hupimwa kwa vipindi.

Mwenye kisukari anahitaji uangalizi wa pekee. Baada ya upasuaji mahitaji ya insulini na dawa nyingine hupungua, wakati mwingine kwa siku chache tu. Dozi ya zamani pamoja na chakula kidogo huweza kushusha sukari kwa hatari. Dozi hubadilishwa na daktari, si kwa kujikisia.

Familia na jamii

Katika jamii nyingi za Tanzania kupungua mwili kwa haraka huonekana kuwa dalili ya maradhi, na mgeni asiyemaliza chakula huonekana ameudharau mkono wa mwenyeji. Aliyepasuliwa husukumwa aongeze kidogo, au huletewa juisi kwa nia njema. Husaidia jamaa mmoja kuambatana naye kwenye maelekezo ya lishe, ili nyumbani asiwe peke yake wa kueleza. Sahani ndogo, kijiko kidogo na vipande viwili vya papai vinatosha kumfanya ale pamoja na wengine bila kujidhuru.

Dalili za hatari

Mgonjwa apelekwe hospitali bila kuchelewa akiwa na maumivu makali ya tumbo, homa, moyo kwenda mbio bila kupoa, kinyesi cheusi au chenye damu, kuzimia, au kutapika kila anachokula au kunywa. Kutapika kwa siku nyingi humaliza vitamini B1 mwilini na huweza kudhuru ubongo na mishipa ya fahamu. Kuchanganyikiwa, macho kuona maradufu au kuyumba wakati wa kutembea ni dharura. Mhudumu wa afya aambiwe tangu mwanzo aina ya upasuaji uliofanyika na tarehe yake. Karatasi ya kuruhusiwa kutoka hospitali itunzwe nyumbani mahali panapojulikana na wote.

Tazama pia

Unene wa kupindukia
Kisukari
Lishe
Vitamini
Mkoa wa Rukwa