Tezi na Omo: Mabaharia wa Pequod

Waandishi wa riwaya wamependa tangu zamani kuipakia jamii nzima katika chombo kimoja. Sababu yake si ngumu kuitambua. Merikebu ikishang'oa nanga, waliomo hawana pa kukimbilia: mwenye amri na mwenye kuamriwa, mcha Mungu na mlevi, wote hula akiba moja na kuogopa dhoruba moja. Lugha yetu yenyewe inalijua jambo hilo, kwani tusemapo kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama, hatuwasemi mabaharia peke yao.

Mfano ulio bora kuliko yote, kwa maoni yetu, ni Moby-Dick, riwaya ya Mmarekani Herman Melville iliyotoka mwaka 1851. Melville aliyajua maisha hayo kwa mwili wake. Mwaka 1841 alisafiri katika Acushnet, merikebu ya kuwinda nyangumi, akaitoroka mwaka uliofuata katika visiwa vya Marquesas. Baadaye alitumikia manowari ya nchi yake, ambamo mabaharia walichapwa viboko mbele ya wenzao. Adhabu hiyo ilifutwa na Bunge la Marekani mwaka 1850.

Katika Pequod ya riwaya, nahodha ni Ahab, na wasaidizi wake watatu, Starbuck, Stubb na Flask, wote ni Wamarekani weupe. Wapiga chusa, ambao ndio tegemeo la kazi yote, ni Queequeg wa visiwa vya Bahari ya Kusini, Tashtego wa wenyeji wa asili wa Marekani, na Daggoo Mwafrika. Hawa hula katika meza ya nahodha, lakini baada ya wakubwa kuondoka. Huko omo wamelala watu wa kila taifa.

Mshahara haupo, kila mtu hupewa fungu la mapato, kama wafanyavyo wavuvi wengi wa mwambao wa Afrika Mashariki, ambako mwenye chombo naye hakosi lake. Ishmael, msimulizi, anapata fungu moja katika 300, na Queequeg moja katika 90. Bildad, mmoja wa wenye merikebu, mzee asiyebanduka kwenye Biblia yake, alitaka kumpa Ishmael moja katika 777! Naye Pip, kijana mweusi, aliporuka mashuani kwa hofu, Stubb alimwonya kwamba nyangumi mmoja ana bei mara 30 ya bei yake yeye huko Alabama. Yafaa tukumbuke kwamba utumwa Marekani haukufutwa hadi mwaka 1865.

Kwa nini basi watu hawa wamfuate Ahab hadi mautini? Nyangumi mweupe alimkata mguu, naye ameigeuza safari ya biashara kuwa kisasi chake. Anapigilia sarafu ya dhahabu mlingotini, na mabaharia wanashangilia. Starbuck peke yake anapinga, akiuliza kisasi hicho kitaleta mapipa mangapi ya mafuta sokoni. Siku moja anashika bunduki nje ya chumba cha nahodha aliyelala. Anafikiri, kisha anairudisha mahali pake. Mwishowe wote wanazama, isipokuwa Ishmael.

C.L.R. James, mwanahistoria wa Trinidad aliyekuja baadaye kulisifu Azimio la Arusha, aliandika juu ya riwaya hii akiwa kizuizini Ellis Island, New York, na kitabu chake kikatoka mwaka 1953. Kwake Ahab ni dikteta wa karne ya 20, na utu wa kweli umo kwa mabaharia wa kawaida. Tunakubaliana naye nusu. Mabaharia hao ni wachapa kazi na ni ndugu, hapana shaka. Lakini kelele za kushangilia nazo zilikuwa zao.

Picha hii ina pengo pia: jamii gani isiyo na wanawake? Wake zao wamebaki nchi kavu. Na miongoni mwa wenye hisa katika Pequod, Melville anatueleza, walikuwamo wajane na mayatima wa Nantucket.